Kupanda gari katika mji usioujua

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya wanamemba waliorudi kutoka Kampala, katika mkutano wa mutualite, Mubi



Komite ilituomba sisi tuliokaa Kampala tuseme kidogo juu ya magari ya kule: namna ya kuyapanda, namna ya kuyashuka, namna ya kutopotea. Kuna waliocheka waliposikia. Walisema, kwani kupanda gari ni kitu cha kufundisha watu wazima? Tunawaelewa. Hapa Mubi njia ni moja. Gari au moto inatoka upande wa Walikale au inatoka upande wa Lubutu, mahali pengine pa kupitia hapana. Mtu akipanda moto Njingala anajua atashukia wapi, na motari anamjua mpaka jina la baba yake. Sasa mkamate mtu huyo aliyezoea njia moja, mumuteremushe saa kumi na moja ya alfajiri pale Kisenyi ya Kampala, ametoka Kisoro usiku kucha ndani ya basi, na mfuko wa nguo, na watoto wawili wamesinzia, na vijana sita wanamvutia mfuko kila mmoja upande wake. Njo pale utajua kama ni kitu cha kufundisha ao hapana.

Tena tuseme jambo lingine ambalo wafadhili walisikie vizuri. Watu wakikuja kusaidia mukimbizi wanamuuliza chakula, wanamuuliza nyumba, wanamuuliza shule ya watoto. Njia hakuna anayeuliza. Na mjini njia ndiyo inafungua vile vingine vyote. Kujiandikisha kama mukimbizi unaenda Old Kampala. Mtoto akigonjwa sana unapelekwa Mulago, ambayo iko upande mwingine wa mji. Kazi ya kufua nguo iko kwenye nyumba za wenye pesa, na wenye pesa hawakai Katwe. Kama haujui kupanda gari, unabaki katika chumba unangoja mtu akupeleke. Tulifahamu watu waliokaa hivyo miezi, na si kwamba walikuwa wavivu. Walikuwa wanaogopa barabara.

Na barabara yenyewe inaogopesha kweli, juu magari yanapita upande wa kushoto. Hapa kwetu Kongo tunaendesha upande wa kuume. Ukivuka Bunagana tu, yote yanageuka. Mtu anasema, hiyo ni kazi ya shofere, mimi inanihusu nini? Inakuhusu. Miaka yote ulizoea kutupa macho kushoto kwanza mbele ya kuvuka. Kule kifo kinatoka kuume. Mwili haubadilike siku moja, hata kichwa kikijua. Ndiyo maana tulikuwa tunawaambia wageni: usiseme kushoto wala kuume, angalia pande zote mbili, halafu uangalie tena, halafu uvuke pamoja na mama wa kule mwenye kubeba ndizi, yeye hana haraka ya kufa. Na mlango wa gari pia uko upande wa kushoto. Mtu akingojea gari kwa desturi ya huku kwetu, anasimama ng'ambo isiyo yake, na gari atakayopata inamupeleka kule anakotoka.

Kisha kuna maneno. Hapa tunataka kukaa kidogo, juu ni maneno yaliyoumiza watu kuliko magari.

Kampala mtu akisema "taksi", hasemi voiture ndogo unayokodi peke yako kama tunavyosikia sisi tuliopita Goma. Taksi ni ile Hiace nyeupe yenye mstari wa vibao vya bluu ubavuni, inayobeba abiria 14, ile ambayo sisi tungeita taxi-bus. Ile gari ndogo ya kukodi wao wanaiita spesho. Neno ni lile lile, kitu ni kingine, na bei hazifanani hata kidogo.

Kuna mama mmoja wa mutualite, yuko hapa ndani, ametupa ruhusa tuhadithie bila kutaja jina. Mwezi wake wa kwanza Katwe, mtoto wake wa tatu alipata homa kali, akaanza kutetemeka. Kwenye kituo kidogo cha afya wakamwambia: peleka mtoto Mulago, panda taksi, leo leo. Alikuwa na shilingi chache katika kitambaa. Alipohesabu, akafikiri taksi ya Goma, akaona haitoshi hata robo. Hakuuliza. Angeuliza nani, na kwa luga gani? Akafunga mtoto mgongoni, akatembea. Kutoka Katwe unapita mjini kati, unapanda, unashuka, unapanda tena kilima cha Mulago, na jua la saa sita. Taksi nyeupe zilikuwa zinampita zikiwa na nafasi, makondakta wanamwita kwa mikono, na yeye anakataa kwa kichwa juu anaogopa deni. Alifika. Mtoto akatundikiwa serum, akapona, leo anasoma hapa Mubi. Daktari alimwambia mama kwamba saa moja zaidi ingekuwa hadithi nyingine. Na pesa za kwenda na kurudi zilikuwa katika kitambaa muda wote.

Hatusemi hivyo ili mumuhurumie. Tunasema ili muone kwamba mtu angemwambia neno moja tu, safari ile isingekuwa safari ya miguu.

Basi, taksi yenyewe inatendaje? Haina namba, na ubavuni hakuna jina la mahali inakoenda. Katikati ya mji kuna parking mbili kubwa zenye kukaribiana, Old Taxi Park na New Taxi Park; ile ya zamani ilifungwa mwaka 2020 ikatengenezwa upya. Ukiiangalia kutoka juu unaona bahari ya Hiace nyeupe, unafikiri ni fujo tupu. Si fujo. Kila upande wa mji una kona yake, na magari yanajipanga zamu. Ya mbele inajaa ndiyo inatoka. Siku ya kwanza usijaribu kujifunza parking yote. Jifunze kona moja, ile ya kurudi nyumbani. Mtu mwenye kujua kurudi hawezi kupotea kabisa, hata akienda wapi.

Ndani ya gari kuna shofere na kuna kondakta, yule ambaye huku tunamwita konvoyeri. Kondakta ndiye mkubwa wako. Bei haiandikwe popote. Asubuhi ni nyingine, jioni watu wakirudi kazini ni nyingine, na mvua ikinyesha hapo usiulize kabisa. Mgeni anaona ameibiwa, kumbe wote ndani ya gari wamelipa vile. Mara nyingine ameibiwa kweli. Namna ya kutofautisha tuliijifunza polepole: usiulize kondakta bei, uliza mama uliyekaa naye. Kama hamna luga, angalia yeye anatoa ngapi, nawe utoe vile vile, unyamaze. Anayeuliza bei amekwisha kusema kwamba yeye ni mgeni.

Pesa nayo ina mambo yake. Sisi tumezoea makaratasi tu, Kongo sarafu hatuzitumie. Kule kuna sarafu za shilingi 100, 200, 500, hata 1,000, na watu wetu walikuwa wanazitupa ndani ya mfuko kama vitu vya kuchezea watoto. Hizo ndizo pesa za taksi! Ukimpa kondakta noti ya 20,000 kwa safari fupi, atakuambia ngoja, chenji inakuja, na chenji itakuja wakati wewe umeshashuka na gari imeondoka. Na dola ya mtu, ambayo hapa inanunua mpaka mkungu wa ndizi, ndani ya taksi ya Kampala haina kazi. Badilisha kabla.

Kushuka kunataka maneno matatu ya Kiganda. Unasema "mu maaso awo", maana yake pale mbele, na kondakta anampigia shofere. Ongeza "ssebo" kama ni mwanaume, "nnyabo" kama ni mwanamke, na sura za watu zinabadilika. Wakikuambia "ssente mmeka?" ni wewe ungepaswa kuuliza hivyo, ni kusema pesa ngapi. Kwa haya tu mtu anaweza kuishi mwaka mzima, na wengine waliishi.

Mtaniuliza, na Kiswahili? Si tuna Kiswahili? Ndiyo, tunacho, na katiba ya Uganda ilipobadilishwa mwaka 2005 ilikiweka kuwa luga rasmi ya pili. Lakini katiba haipandi taksi. Kwa muda mrefu Kiswahili kule kilikuwa luga ya askari, na wazee wa Kampala wanakumbuka askari wa wakati gani. Ukikisema kwa sauti kubwa ndani ya gari, mwingine anashika mkoba wake. Tena baada ya mabomu ya mwezi wa kumi na moja 2021 mifuko ilikuwa inapekuliwa kila mahali, na mtu mwenye mfuko mkubwa asiyejua Kiganda wala Kingereza hakupenda kuulizwa mara mbili. Si kwamba watu wa kule ni wabaya. Tulipata kondakta mmoja aliyeona dada yetu amepitishwa kituo chake, analia; akamushusha, akamvusha barabara kwa mkono, akamkabidhi kwa kondakta mwenzake wa gari inayorudi, akalipa yeye. Jina lake hatukulijua. Lakini dada aliongea naye polepole, kwa "ssebo", na alikuwa na karatasi imeandikwa jina la mtaa.

Karatasi hiyo tutairudia.

Boda boda ni sura ingine. Jina lilianza zamani kwenye mpaka wa Busia, miaka ya 1960, baiskeli zikivusha watu kutoka mpaka mmoja mpaka mwingine. Leo ni pikipiki zimejaa mji mzima. Sisi watu wa moto tulizipenda mara moja, juu tumezaliwa juu yake. Hapo ndipo hatari. Huku motari anapigana na matope. Kule anapigana na malori, na anapita katikati ya magari mawili mahali hata mbuzi angefikiri kwanza. Mulago wanapokea watu wa ajali ya boda kila siku. Ushauri wetu: boda panda ya kwenye stage, si ile inayokukimbilia njiani. Stage ni mahali pa kusimama, ina wanamemba wake na chairman wake, ikitokea shida kuna mtu wa kuuliza. Ile inayozunguka peke yake, utamuuliza nani? Bei mpatane kabla mguu haujapanda. Na mama mwenye mtoto, mtoto akae katikati, hata kama motari anasema mbele ni sawa.

Kuna wakati hata ujuzi wote huo haukusaidia. Tarehe 25 mwezi wa tatu 2020, juu ya corona, Rais alisimamisha usafiri wa watu wote, taksi na boda na basi. Mipaka ilikuwa imefungwa. Sisi tuliokuwa tunaishi kwa kazi ya siku, kazi iko ng'ambo ya mji, tulibaki na miguu. Watu walitoka Najjanankumbi kwa miguu wakaenda mpaka vilima vya upande mwingine, wakarudi kwa miguu, kwa mshahara wa sabuni. Taksi ziliporudi mwezi wa sita ziliruhusiwa kubeba nusu, abiria 7, na ile nusu ingine mliobaki mukailipa ninyi. Boda zilikatazwa kubeba watu mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Wengi walioamua kurudi nyumbani walianza kulifikiri katika miezi ile. Mtu akiuliza kwa nini tulirudi wakati huku vita haikuisha, sehemu ya jibu ni hiyo: mji ambao huwezi kuutembea, hauko mji tena, ni chumba.

Wenzetu waliokuwa Nairobi walitaka kusema pia, na muda umekuwa mdogo, basi tuwasemee mawili. Kule matatu zina namba: 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 23 ni Kangemi. Ukijua namba umeshajua nusu. Na tangu amri za waziri Michuki, mwaka 2004, kuna mstari wa manjano na mikanda ya kujifunga, ingawa mikanda mingine ni ya kuonyesha askari. Luga ni Kiswahili, lakini ngoja wakuambie "mbao" uanze kutafuta ubao. Mbao ni shilingi 20, na soo ni 100. Mengine watayasema wenyewe.

Sasa tufike Mubi.

Vita ilipofika Walikale-centre mwezi wa tatu 2025, mnakumbuka watu walivyokimbia, kila mmoja na upande wake. Na mbele ya hapo, na nyuma ya hapo, watu wa Masisi wamekuwa wanakuja huku kwetu. Wanashuka hapa barabarani na magodoro. Hawajui Mubi. Hawajui kama kituo cha afya kiko juu ao chini. Wanauliza motari, na motari anaangalia godoro, anaangalia kiatu, anataja bei. Tumeona kwa macho yetu mama akilipishwa mara tatu kwa mwendo ambao mtoto wetu anapita bure kwa mguu akienda shule. Vijana wa moto ni watoto wetu, wengine ni wanamemba wa mutualite hii, na wengine walikuwa Kampala pamoja nasi, walilia siku kondakta alipowatendea vile. Hatutaji mtu. Lakini mkutano huu hauwezi kuchangia likelemba ya mazishi ya wageni huku unawachinja kwa nauli.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayana gharama kubwa. Kwanza, kibao pale moto zinaposimama, kimeandikwa bei ambazo wamotari wenyewe wamekubali: mpaka kituo cha afya, mpaka shule, mpaka kanisani, mpaka Njingala. Mchana na usiku, kavu na mvua, tofauti iandikwe wazi, juu matope yana bei yake na hatukatai. Kibao ni ubao na rangi, seremala tunaye. Pili, wamotari wanaokubali wavae jile yenye namba, na chairman wao ajulikane, kama stage ya kule. Jile ndizo tunaomba kwa wafadhili, na kaske mbili kwa kila moto kama mkono unafika. Tisheti za mkutano tunazo za kutosha, tusamehewe kusema hivyo.

Tatu ni ile karatasi. Mtu yeyote wa kwetu anayepelekwa mbali, mgonjwa wa transfer ao kijana anayekwenda kusoma, asitoke Mubi bila karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na kufungwa ndani ya plastiki: jina la mtaa anakokwenda, jina la kituo cha kushukia, jengo kubwa lililo karibu linaloonekana kutoka mbali (kwa Old Kampala ni mnara wa msikiti, hauwezi kuukosa), namba mbili za simu za watu wanaokaa kule, na maneno matano ya luga ya pale. Simu inazimika, simu inaibiwa. Karatasi hakuna mwizi anayeitaka. Sekretari ameshakubali kuziandika, na sisi tuliokaa Kampala tutakaa naye siku ya soko, baada ya saa nane, kwa kila anayehitaji.

Fungu la nauli ya wagonjwa lisimame peke yake ndani ya kesi, lisichanganywe na dawa. Mlikuwa mnasema nauli si matibabu. Muulizeni yule mama.

Wamotari watakutana na komite Jumamosi juu ya bei za kibao, na tunaomba wageni wawili wa kutoka Masisi waitwe, wakae, waseme walilipa ngapi kutoka barabara mpaka mahali wanapolala. Mwenye karatasi ya Nairobi aandike kwa mkono unaosomeka. Aliyekaa Kigali, ambako basi unalipa kwa kadi na si kwa mkono, naye tunamngoja.